Injini Haifi Ghafla

Injini ya dizeli ya pikapu haifi ghafla. Hata ile inayonoki barabarani na magunia ya mahindi yamejaa nyuma, mara nyingi ilikwisha kutoa taarifa siku nyingi kabla: moshi uliobadilika rangi, maji yaliyokuwa yakipungua bila kuonekana yanakovujia, mlio ambao dereva aliuzoea mpaka akaacha kuusikia. Kufungua nati hakumshindi fundi yeyote. Kazi ni kujua nati ipi ya kufungua, na hilo hutegemea taarifa hizo kusomwa kwa utaratibu kabla ya spana kushikwa. Pikapu nyingi zinazoota majani nyuma ya gereji zimekwama kwa kukosa kupimwa, wala hazikukosa spea.

Mfano ulio karibu na msomaji wa Afrika Mashariki ni Toyota Hilux, gari lililotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1968 na ambalo leo hubeba saruji, mbuzi, askari, wagonjwa, na miraa ya Maua inayokimbizwa Nairobi. Chini ya boneti zake hukutwa hasa familia mbili za dizeli, na fundi hana budi kuzitenganisha tangu mwanzo. Ya zamani ni familia ya L: 2L, 3L yenye ujazo wa cc 2,779, na 5L ya cc 2,986. Pampu zake nyingi ni za kimakanika, na gari hutembea bila kuitegemea kompyuta. Ya pili ni KD, iliyoenea na Hilux zilizoanza kuuzwa mwaka 2004, ambazo wengi wanazijua kwa jina la Vigo: 2KD ya cc 2,494 na 1KD ya cc 2,982, zote za mfumo wa komoni reli unaoongozwa na kompyuta. Tangu 2015 zimefuatiwa na familia ya GD. Kipimo kilicho salama kwenye L kinaweza kumpotezea fundi mkono kwenye KD.

Dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Hewa peke yake huingia kwenye silinda, pistoni huibana mpaka ibaki kama sehemu 1 kati ya 22 ya ujazo wake katika injini za L, na kwa kubanwa huko joto lake hupanda kupita nyuzi 500 za Selsiasi. Nozeli ikipuliza mafuta ndani ya hewa hiyo, yanawaka yenyewe. Rudolf Diesel alifanikiwa kuifanya kazi hiyo Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, na kanuni yake haijabadilika. Injini inataka hewa ya kutosha, mgandamizo usiovuja, na mafuta yanayofika kwa kipimo na kwa wakati wake. Ikishapata hayo, inataka oili ya kuilainisha na maji ya kuipoza. Karibu kila hitilafu inayoletwa gereji ina makao yake katika mojawapo ya hayo matano.

Moshi huonekana kwanza, maana humfikia hata anayekuja nyuma. Moshi mweusi ni mafuta yaliyozidi hewa. Kabla ya kugusa pampu, hutolewa filta ya hewa. Katika vumbi la Dodoma au Kajiado filta huweza kuziba mapema kuliko kitabu kinavyosema, na kuna nozeli zinazopelekwa kupimwa wakati karatasi ya filta imejaa udongo mwekundu. Kwenye injini yenye tabo, hozi iliyopasuka kati ya tabo na injini hutoa moshi huohuo pamoja na gari kukosa nguvu. Mpasuko hujulikana kwa uchafu wa oili na vumbi ulioganda pembeni yake.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na saa unapotoka ndiyo inayoeleza oili inapita wapi. Ukitoka kwa wingi gari linapowashwa baada ya kulala, kisha ukakoma, oili imeteremka usiku kupitia sili za valvu. Ukitoka kila gari linapopanda kilima na mzigo, ringi za pistoni zimelika au silinda zimepanuka, na kwenye gari lenye tabo, sili za tabo nazo hushukiwa.

Moshi mweupe ni wa namna mbili, na kuzichanganya hugharimu. Unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi ni mafuta ambayo hayakuwaka: hita plagi zimekufa, mgandamizo umeshuka, au mafuta yanaingia nje ya wakati. Asubuhi za Juni na Julai huko Njombe na Makete, wakati sakitu imetanda majanini, hita plagi moja mbovu inatosha kuifanya injini itetemeke kwa muda kabla ya kutulia. Mweupe wa pili ni mvuke wa maji unaoendelea hata injini ikishapata moto. Ukiandamana na maji ya rejeta kupungua, gasketi ya silinda hedi iko mashakani.

Joto linataka kuangaliwa kwa kirefu, kwa kuwa hapo ndipo hitilafu ya bei ndogo hugeuka kuwa ya injini nzima. Pikapu yenye tani moja ikipanda Kitonga, katika barabara ya TANZAM mkoani Iringa, hufanya kazi ngumu kwa mwendo mdogo: moto mwingi ndani, upepo mchache kwenye rejeta. Kitu kidogo kinachowajibika kwanza ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko huo hushikilia shinikizo la karibu bar 0.9, na kwa shinikizo hilo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Springi yake ikichoka, maji hutokota mapema, tena mapema zaidi kwenye miinuko, maana Iringa mjini hata maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa hiyo gari linalochemsha hukaguliwa kwa kuanzia kwenye kitu rahisi: kiasi cha maji, mfuniko, mkanda wa feni, feni yenyewe, nyasi na tope lililoziba mapezi ya rejeta, kisha wota pampu na themostati. Gasketi huja mwisho. Gereji inayoanza na gasketi, ikashusha hedi kabla ya kuangalia mfuniko, inamlipisha mwenye gari ujinga wake.

Themostati inahitaji kutetewa. Gereji nyingi huitoa na kuitupa kwa hoja kwamba iliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi, na kwetu haina kazi. Hoja hiyo si ya kweli. Themostati hufungua njia ya rejeta maji yakifika nyuzi 80 na kidogo, na kuifunga yakipoa, ili vyuma vya injini vikae katika joto ambalo vilipimwa kutoshana. Ikitolewa, pikapu isiyo na mzigo hutembea ikiwa baridi: mafuta hayaungui yote, mengine huteremka kwenye kuta za silinda na kuizimua oili, na ringi hulika kabla ya wakati. Tena zipo injini ambazo themostati yake, inapofunguka, huziba pia njia ya mkato ya maji. Humo kuitoa huacha sehemu ya maji izunguke bila kupita kwenye rejeta kabisa, na gari lililotolewa themostati ili lisichemshe huchemsha zaidi kilimani. Kuipima hakuhitaji mashine. Huning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse kitako, na mtu akatazama: maji yakiwa vuguvugu imefumba, yanapokaribia kuchemka, kisahani chake huanza kusogea taratibu, na ufa hupanuka mpaka kidole cha mtoto kinaweza kupita. Isipofunguka, hununuliwa nyingine.

Maji yenyewe nayo ni suala. Maji ya kisima na ya bomba huacha chokaa na kutu ndani ya rejeta. Kulanti iliyochanganywa kwa kipimo huzuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka. Na siku gari limechemsha, uharibifu mkubwa hufanywa na pupa. Mfuniko ukifunguliwa injini ikiwa ya moto, mvuke humbabua mtu usoni. Hedi ya aluminiamu, kama ya KD, ikimiminiwa maji baridi ikiwa imewaka, hupinda au kupasuka. Gari huzimwa, mzigo hupunguzwa ikiwezekana, na watu husubiri mpaka hozi ya juu ya rejeta iweze kubonyezwa kwa mkono. Ndipo injini huwashwa tena na maji huongezwa kidogo kidogo ikiwa inaunguruma.

Gasketi inayoshukiwa inaweza kuhukumiwa bila kufungua bolti hata moja. Asubuhi, kabla ya kuwasha, hozi ya rejeta inapaswa kuwa laini. Ikikutwa ngumu, gesi ya silinda imepenya kwenye njia ya maji na kubaki humo. Mfuniko ukiwa wazi na injini ya baridi ikawashwa, mapovu yasiyokoma husema hivyohivyo. Kuna pia dawa ya maji ya buluu ambayo hugeuka njano ikipitishiwa hewa ya rejeta yenye moshi. Na oili iliyokwisha kuingiwa na maji hutoka kwenye stiki ikiwa na rangi ya chai ya maziwa.

Taa nyekundu ya oili ni amri ya kusimama. Haielezi kwamba oili imepungua; inaeleza kwamba shinikizo limekosekana, na krenki iliyokuwa ikielea juu ya utando wa oili sasa inasugua beringi, chuma kwa chuma. Mwendo mfupi wa kulifikisha gari kivulini unatosha kuzimaliza. Injini ya 1KD ina kisa chake kinachofahamika kwa mafundi. Washa za shaba chini ya nozeli zikianza kuvuja, gesi ya moto hupenya mpaka kwenye oili, masizi huganda, kisha huziba wavu wa kunyonyea oili ulio ndani ya sampo. Hapo taa hupepesa gari likiwa kwenye mwendo huku stiki ikionyesha oili imejaa. Dereva hupima, akaridhika, akaendelea. Dawa yake ni kushusha sampo, kusafisha wavu na kubadili washa, na ikifanywa mapema injini hupona.

Sauti ya kugonga husumbua zaidi, kwa kuwa chuma husambaza mlio mbali na mahali ulipoanzia. Kwenye injini za L fundi mzoefu huwa na njia yake. Injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, hulegeza nati ya bomba la nozeli moja, dizeli ikachuruzika nje, silinda hiyo ikanyimwa mafuta. Husikiliza, hukaza, huenda kwenye inayofuata. Mlio ukipungua kwenye silinda ya 3, tatizo liko kwenye silinda ya 3. Kisha nozeli yake huhamishiwa silinda nyingine. Mlio ukihama nayo, nozeli ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, kosa limo ndani, kwenye pistoni au beringi ya konrodi. Kazi hiyo haimalizi asubuhi moja, na humwokoa mwenye gari kununua nozeli nne za bure. Kwenye KD na GD jambo hili ni marufuku. Mafuta ya komoni reli hupita shinikizo la bar 1,000. Mchirizi wake mwembamba hupenya ngozi, na kidonda kinachoonekana kidogo huhitaji upasuaji wa haraka. Huko silinda husomwa kwa kompyuta.

Gari linapokosa nguvu bila moshi wala joto, macho huelekea kwenye mafuta. Filta ya dizeli iliyoziba na maji yaliyotuama chini yake ndivyo vya kwanza. Nyuma yake kuna tatizo lililosumbua ukanda huu miaka mingi: dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa. Pampu na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulaini huo, kwa hiyo vyuma vilivyotoshana kwa sehemu za elfu za milimita hukwaruzana. Tanzania ilianza kutia alama maalumu kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyohiyo. Gharama ya uchakachuaji hulipwa na mwenye gari, kwenye meza ya fundi pampu. Hapo nozeli hufungwa kwenye mashine ya kupimia: iliyo nzima hupuliza ukungu mwembamba na kukata mara moja, iliyochoka hukojoa, kama mafundi wasemavyo, na tone hubaki likining'inia kwenye ncha.

Lipo kosa moja kubwa ambalo karibu halitoi taarifa, nalo ni kukatika kwa mkanda wa taiming. Ukikatika, valvu hugongwa na pistoni, na hedi huharibika kwa sekunde. Katika familia ya L mkanda hubadilishwa kwa kawaida kila kilomita 100,000, na katika KD kila 150,000. GD hutumia cheni. Anayenunua pikapu iliyotumika abadilishe mkanda kwanza, maana namba ya kilomita kwenye dashibodi hurudishwa nyuma kwa urahisi.

Baada ya dalili huja gereji, na jambo la kwanza humo ni namna dereva anavyoeleza. Wengi hufika na hukumu mkononi: "Fundi, nibadilishie nozeli." Fundi hubadili, kwa kuwa ameombwa, na moshi hubaki. Maelezo yanayofaa ni haya: "Fundi, asubuhi inatoa moshi mweupe, ikipata moto unakatika, imeanza baada ya kujaza mafuta njiani." Hayo yanamwambia dalili, saa yake, na kilichotangulia. Fundi mzuri hujulikana kwa maswali anayorudisha: "Maji unaongeza kila baada ya siku ngapi, bosi? Oili ilibadilishwa lini?" Yule anayeitaja spea kabla ya kufungua boneti, ambaye mitaani huitwa fundi maiko, huagiza kwa kubahatisha.

Ujuzi haukai mahali pamoja. Yuko fundi aliyesoma VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, na yuko aliyejifunza chini ya mwembe tangu akiwa saidia fundi. VETA yenyewe hupima na kutambua ujuzi wa hao wa pili kwa cheti. La muhimu zaidi ni kama anapima. Geji ya mgandamizo ndiyo shahidi. Kwa injini za familia ya L kima cha chini ni karibu bar 20, na tofauti kati ya silinda moja na nyingine isizidi bar 5. Namba nne zikiandikwa kwenye karatasi, mabishano ya kufumua injini au kutoifumua huisha. Mashine ya kompyuta nayo ina mipaka: namba ya hitilafu P0087 husema shinikizo la mafuta kwenye reli liko chini, lakini haisemi kama kosa ni pampu ghali au filta iliyoziba. Gereji yenye kompyuta na isiyo na subira hubadili sensa kila wiki.

Kazi ya ndani hugawanywa. Hedi hupelekwa kwa mchongaji, nozeli kwa fundi pampu, waya kwa fundi umeme, na mwenye gari anatakiwa kujua kila kipande kiko kwa nani. Hedi ikirudi, huwekewa rula ya chuma na kupimwa kwa vijikaratasi vya chuma. Ikipinda kupita milimita 0.2 hivi, haifungwi bila kuchongwa. Bolti hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, kwa toki renchi. Fundi anayekaza hedi kwa nguvu za mkono na bomba la kurefushia spana anaandaa gasketi nyingine ya kuungua.

Spea hutafutwa Gerezani na Kariakoo Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi, au Kisekka mjini Kampala, na kote huko kifaa kimoja kina bei tatu: cha kiwandani, cha kuiga, na cha mtumba. Cha kuiga hakistahili kudharauliwa kwenye taa au bampa. Kwenye gasketi, beringi, filta ya oili na mkanda wa taiming ni hasara. Pesa ya ufundi ipatanwe mbali na pesa ya spea, na kifaa kilichotolewa kikabidhiwe kwa mwenye gari, akione kimeharibika wapi. Anayeamua kuweka injini nzima ya mtumba akumbuke kwamba namba ya injini imo kwenye kumbukumbu za usajili wa gari. Mabadiliko hupelekwa mamlaka ya mapato, TRA, kwa Tanzania na mamlaka ya usafiri, NTSA, kwa Kenya, la sivyo gari litaleta shida siku ya kuuzwa.

Injini iliyofumuliwa haipewi mzigo siku inayotoka. Ringi mpya zinahitaji kukaa kwenye silinda zake: mwendo wa wastani unaopanda na kushuka, bila kukanyaga mafuta hadi mwisho, na oili ya kwanza imwagwe baada ya kilomita 1,000 hivi, kwa kuwa inabeba unga wa chuma. Mgandamizo upimwe tena na namba ziandikwe chini ya zile za awali, pamoja na kilomita, aina ya oili na spea zilizobadilishwa. Daftari hilo likae ndani ya gari, kwani fundi atakayelifungua mara nyingine huenda asiwe yule wa kwanza.